Watu Wengi na Shamba Lisiloongezeka

Wakulima wote wajua ya kuwa watu huzaliwa, lakini ardhi haizai ardhi. Baba mwenye eka 12 na wana 4 humwachia kila mmoja eka 3. Na kila mwana akizaa wana 3, mjukuu hupata eka 1 tu. Katika karatasi hii twaeleza madhara yapatikanayo watu wanaposongamana juu ya udongo, na jinsi mkulima awezavyo kuyazuia.

Zamani, watu walipokuwa wachache, shamba lililochoka liliachwa lipumzike miaka mingi, na rutuba ikarudi. Watu walipoongezeka, mapumziko hayo yalifupishwa, kisha yakakoma. Shamba likalimwa kila mwaka pasipo samadi. Miti ikakatwa kwa kuni. Mashamba yakapanda hata kwenye miteremko mikali. Mifugo ikabanwa mahali padogo, ikamaliza majani. Mvua inyeshapo juu ya udongo ulio uchi, maji hayapenyi ardhini bali hukimbia, yakichukua udongo wa juu wenye chakula cha mimea. Makorongo hutokea na chemchemi hukauka mapema. Wala madhara hayaishii shambani: ndugu hugombania mipaka, vijana huhama, na mwaka wa ukame huwa mwaka wa njaa.

Haya yote yalionekana Ukambani, katika wilaya ya Machakos, nchini Kenya. Katika miaka ya 1930 wilaya ile ilikuwa na watu wapatao 240,000, na vilima vyake vilikuwa vimejaa makorongo. Sababu haikuwa wingi wa watu peke yake: mipaka ya serikali ya kikoloni iliwazuia kuhamia penginepo, na sehemu ya ardhi yao ilikuwa imetwaliwa na walowezi. Mwaka 1938 serikali iliwalazimisha kuuza ng'ombe ili mifugo ipungue. Wakamba wakaenda Nairobi kudai haki yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha lazima ile iliondolewa.

Kufikia mwaka 1989 watu wa nchi ile walikuwa karibu 1,400,000, yaani karibu mara sita. Hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua, na mavuno ya kila eka yalikuwa yamezidi. Wenyeji, kwa vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, walichimba matuta, wakapanda miti na kutia samadi. Soko la Nairobi, kahawa, matunda, na mishahara ya waliofanya kazi mijini viliwapa fedha za kutengeneza mashamba. Basi wingi wa watu ukawa pia wingi wa mikono.

Mkulima mwenye shamba la mteremko na afanye hivi:

1. Apime mistari iliyo sawasawa, yenye kukata mteremko, wala isishuke nao. Aanze kazi juu ya kilima, kisha ateremke.

2. Katika kila mstari achimbe mtaro, upana futi 2 na kina futi 2, na udongo autupe upande wa juu. Hii ndiyo njia iitwayo fanya juu.

3. Aache nafasi ya kama futi 1 kati ya mtaro na tuta, udongo usije ukarudi mtaroni.

4. Mteremko ukiwa mkali, mitaro ikaribiane zaidi.

5. Juu ya tuta apande majani ya tembo. Mizizi hushika udongo, na majani ni chakula cha ng'ombe zizini. Samadi irudishwe shambani.

Miaka ikipita, udongo hujikusanya nyuma ya tuta, na shamba huwa kama ngazi. Tuta likibomoka litengenezwe siku ile ile, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho, wazazi washauriane mapema juu ya idadi ya watoto wawezao kuwalea, wala shamba lisikatwe vipande visivyoweza kulisha nyumba. Ni afadhali watoto wengine wafundishwe ufundi, na shamba likae zima mikononi mwa yule atakayelitunza.