Fungua kasha kabla ya kufungua pochi

Kompyuta zinazoletwa mezani kwangu kutoka pande hizi za ziwa, kuanzia Kabezi hadi Rumonge, zinafanana sana. Nyingi ni Dell au HP zilizomaliza kazi katika ofisi za Ulaya, zikauzwa tena Bujumbura, halafu zikashuka na basi kwenye barabara ya RN3. Watoto wanazitumia kwa masomo, wazazi kwa barua, na jioni kila mtu anauliza kama zinaweza kucheza gemu. Zinaweza. Ila pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu ananunua kifaa kwanza, halafu ndipo anafungua kasha na kukuta hakiingii. Haya ni maswali ninayoulizwa mara nyingi.

Fundi, kaka yangu ameniachia Dell OptiPlex 7010 yenye Core i5, RAM ya 4GB na diski ya kawaida. Nina pesa kidogo tu. Nianze na nini?

Anza kwa kuifungua, mdogo wangu. OptiPlex haihitaji hata bisibisi: chomoa waya wa umeme, vuta kitasa, ubavu unaachia. Unachotafuta ni umbo la kasha. Mashine hii ya mwaka 2012 ilitoka kwa maumbo manne, na jina lililoandikwa mbele ni lilelile kwa yote. Ule mnara mrefu unapokea kadi ya kawaida ya grafiki. Ya kulala na ile nyembamba zinataka kadi fupi, yenye nusu ya kimo. Ile ndogo kabisa haina nafasi ya kadi ya grafiki. Ukiwa nayo, pesa yako yote iishie kwenye RAM na SSD, usidanganywe na mtu.

Kisha soma namba ya prosesa. Core i5-3470, ambayo mara nyingi ndiyo naikuta humo, ina koa nne na kasi ya 3.2GHz. Usiidharau. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake waliandika prosesa hiyohiyo kwenye orodha ya vifaa wanavyopendekeza, pamoja na RAM ya 8GB. Kwa hiyo prosesa iache ilivyo. Kinachokubana ni RAM.

Ongeza RAM hadi 8GB, na ziwe vipande viwili vya 4GB, si kimoja cha 8GB. Vipande viwili vikikaa kwenye nafasi za jozi, kwa kawaida zenye rangi moja, mashine inasoma vyote kwa pamoja. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa RAM, kwa hiyo tofauti utaiona kwa macho hata kabla ya kununua kadi. Hakikisha ni DDR3 ya kompyuta ya mezani. Ile ya laptopu ni fupi, na DDR4 ina pengo mahali pengine, haiingii. Jihadhari pia na vipande vya bei ya chini vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD. Vinaingia vizuri kabisa, lakini kwenye mashine ya Intel haviwaki. Watu wengi wamerudishwa nyumbani na kipande hicho mkononi.

SSD ya 240GB inafuata. Haiongezi fremu hata moja, naomba hilo lieleweke, lakini inapunguza dakika za kusubiri gemu ifunguke, na kompyuta nzima ya familia inapata uhai mpya. Ile diski ya zamani usiitupe. Itahifadhi picha na kazi za shule.

Na kadi ya grafiki? Kila mtu ananitajia yake.

Hapa ndipo pesa kubwa inakwenda, kwa hiyo tulia tuliangalie vizuri.

Nafasi ya kadi kwenye madabodi inaweza kutoa umeme wa hadi 75W. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai, na pawasaplai za mashine hizi za ofisi mara nyingi hazina waya huo. OptiPlex 7010 ya mnara ina pawasaplai ya 275W, ile nyembamba 240W. Prosesa peke yake inaweza kufika 77W. Ukijumlisha na kadi ya 75W, diski na feni, bado uko salama, ila huna nafasi ya kujitanua. Basi utafute kadi isiyo na tundu la waya wa ziada. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inatumia 60W. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zimeandikiwa 75W, lakini chunguza kadi yenyewe kwa macho, maana 1650 nyingi zilitengenezwa na tundu la pini sita, na hizo hazikufai.

Kwenye kasha jembamba kuna mtego mwingine. Baadhi ya mashine hizo zimewekewa na kampuni kikomo kilicho chini ya 75W, na nafasi ya kadi inaweza kuwa imebanwa na pawasaplai, hivyo kadi nene inayochukua nafasi mbili haikai. Chukua rula upime. Ikiwa pamebana, GT 1030 ni chaguo la heshima: 30W, nyembamba, haipigi kelele. Lakini GT 1030 ziko mbili kwa jina moja. Ile ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5. Nyingine iliyoletwa 2018 ina DDR4, na data inapita humo kwa takriban theluthi moja tu ya kasi ya mwenzake. Soma boksi, soma kibandiko, usikubali jibu la “zote ni sawa”.

Halafu skrini. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA peke yake, na 1050 Ti wala 1650 hazitoi tena picha ya VGA. Utahitaji adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA, ile yenye chipu ndani. Iweke kwenye hesabu mapema. Na kama skrini yako ni ya 1366 kwa 768, mimi nakushauri uchukue 750 Ti iliyotumika na uridhike nayo. Picha ndogo haihitaji kadi kubwa. Chenji inayobaki inunue kifaa cha kulinda umeme.

Kuna mtu ananiuzia “1050 Ti” kwa bei iliyo nusu ya wengine. Nichukue?

Usitoe faranga hata moja kabla ya kuiona ikifanya kazi. Kuna kadi za kizamani, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kwa jina la kadi mpya. Windows inaamini jina inaloambiwa. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z ndiyo haidanganyiki kirahisi: tangu 2018 huandika wazi kama kadi ya Nvidia ni ya kughushi. Iweke kwenye fleshi, nenda nayo Buyenzi au popote unaponunulia, omba kadi ichomekwe mbele yako, kisha gemu ichezwe walau robo saa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikataa, shika njia yako.

Mwanangu anataka tuongeze kadi ya grafiki. Mimi naogopa cashpower itakwisha kila siku, na umeme wenyewe unakatika ovyo.

Mama, hofu ya kwanza nikuondolee. Mashine niliyoieleza, ikicheza gemu kwa nguvu, inavuta kama 150W. Akicheza saa mbili, ametumia uniti 0.3. Akicheza saa tatu kila siku kwa mwezi mzima, ni kama uniti 13 na nusu. Zipige kwa bei unayolipa REGIDESO utapata jibu lako, na mpangie saa kulingana na hilo.

Hofu ya pili ni ya kweli kabisa, nami niko upande wako. Hatari kubwa zaidi ni dakika umeme unaporudi, kwa sababu unaweza kurudi kwa kishindo. Umeme ukikatika, chomoa waya, subiri urudi na utulie dakika kadhaa, ndipo uchomeke. Hilo halina gharama. Mkiweza, nunueni UPS ndogo ya 650VA: haitampa mwanao saa ya kucheza, itampa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Ninyi mnaitumia mashine hiyohiyo kwa kazi za shule, kwa hiyo kama pesa inatosha kimoja, mimi ningenunua UPS kabla ya kadi, na kijana atanisamehe.

Angalieni pia nyuma ya pawasaplai. Mashine za kizamani zilizotoka Marekani huwa na kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kwetu lazima kiwe 230. Kikiachwa kwenye 115 na ukachomeka, pawasaplai inaungua papo hapo.

Yangu ni Core 2 Duo. Nayo iwekewe kadi?

Hapana. Prosesa hiyo haina maagizo yanayoitwa AVX, na gemu nyingi mpya zinakataa hata kufunguka bila hayo, hata ukiweka kadi ya namna gani. Iache icheze San Andreas na Counter-Strike 1.6, inaziweza. Pesa yako iweke akiba ya kununua mashine nzima yenye Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Kizazi unakisoma kwenye tarakimu ya kwanza: 3470 ni cha tatu, 4570 ni cha nne.

Nasikia Windows 10 imekwisha. Nifanye nini?

Microsoft ilisitisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Inaendelea kuwaka, lakini haipati tena marekebisho ya usalama kama zamani, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya TPM 2.0. Mashine yako haimo. Ushauri wangu ni Linux Mint kwa kazi za kila siku na intaneti. Steam ina kifaa chake kiitwacho Proton, kilichotoka 2018, kinachoendesha gemu nyingi za Windows ndani ya Linux. Si zote: Fortnite na Valorant hazikubali huko. Anayetaka kubaki na Windows 10 kwa ajili ya gemu za nje ya mtandao, abaki nayo, ila asifungulie humo akaunti ya pesa, na fleshi za kuazimana azikague kwanza, kwa sababu nakala za gemu za mtaani hubeba virusi.

Baada ya nusu saa gemu inaanza kukwama. Kadi ni mbovu?

Mara nyingi ni joto. Hapa kando ya ziwa hewa ina joto na unyevu, na vumbi likishika unyevu linajenga tabaka kwenye feni na kipoza joto. Prosesa ikichemka inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unaona gemu inakwama. Safisha kwa brashi laini ukiwa umezuia feni isizunguke. Ondoa pasta iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya, kiasi cha punje ya harage dogo. RAM ikileta matatizo, sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa futio la penseli. Mashine isikae sakafuni, wala isisukumwe hadi ukutani.

Kadi nimeweka, feni inazunguka, skrini nyeusi.

Kwanza hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la madabodi. Wengi tunamaliza hapo. Ikiwa bado, huenda BIOS ni ya zamani kuliko kadi. Ondoa kadi, washa kwa grafiki ya ndani, angalia toleo la BIOS, shusha jipya kutoka kwa Dell au HP wenyewe kwa namba kamili ya mashine yako. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena. Kama huna UPS, leta mashine kwa fundi aliye nayo, au mwombe mwenye nayo akuazime kwa jioni moja.