SOMO LA KIKUNDI: MKOJO HUTUONYA MAPEMA

Katika vikundi vyetu tuna wenzetu wenye ugonjwa wa sukari. Wengi husema, "Mimi sijavimba miguu, mkojo unatoka vizuri, basi figo ziko sawa." Tujihadhari. Figo huharibika kimya kimya, bila maumivu. Miguu ikivimba, mara nyingi madhara ni makubwa tayari.

Figo hufanya kazi gani?

Figo ni kama kichujio cha chai. Hutoa uchafu na kubakisha protini katika damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, na presha ikiongezeka, kichujio hulegea. Protini iitwayo albumini huanza kupenya na kuingia mkojoni.

Tuombe kipimo gani?

Kijikaratasi cha kawaida cha kuchovya mkojoni huonyesha protini ikishakuwa nyingi. Kwa hivyo tukiambiwa "hakuna protini", bado tuulize kipimo cha albumini kinacholinganishwa na kreatinini:

- Chini ya miligramu 30 kwa gramu 1 ya kreatinini: ni sawa.
- Kati ya 30 na 300: ni onyo.
- Zaidi ya 300: figo zimeumia sana.

Tupimwe lini?

Mwenye sukari ya aina ya pili, ile ya watu wazima hasa, apimwe mara tu ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza aanze baada ya miaka 5. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Homa, kazi nzito, hedhi au ugonjwa wa njia ya mkojo huweza kupandisha jibu. Kwa hivyo tusiogope jibu moja, turudie. Majibu 2 kati ya 3 yakiwa juu katika miezi 3 hadi 6, hapo ni kweli.

Tukipata onyo je?

Tusikate tamaa. Tushushe sukari na presha, tupunguze chumvi, tuache sigara. Daktari aweza kutoa dawa ya presha inayolinda figo pia. Mama mjamzito amwambie daktari kwanza, maana baadhi hazimfai. Tusijinunulie dukani dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac.

Figo zikifa, damu husafishwa kwa mashine mara 2 au 3 kila wiki. Harambee ngapi zitatosha?

Tujadiliane

1. Ni nani kati yetu ana sukari na hajapimwa mkojo mwaka huu?
2. Kipimo hiki kinapatikana wapi karibu nasi, na ni pesa ngapi?
3. Je, akiba ya kikundi yaweza kumsaidia asiye na nauli?