Kusafishwa Masikio: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Huduma ya kuondolewa nta ya sikio huonekana ndogo. Humalizika kwa dakika chache, na walaji wengi huilipia bila kuuliza lolote. Hata hivyo, kwa mtu mzima, njia ya sikio ina urefu wa takriban sentimita 2.5 tu, na mwisho wake ipo ngoma ya sikio, utando mwembamba unaoweza kutobolewa kwa kosa dogo. Somo hili linasimama juu ya kanuni moja: sikio huangaliwa kwanza, ndipo husafishwa.

1. Nta si uchafu

Nta hutengenezwa na tezi zilizo katika sehemu ya nje ya njia ya sikio. Hunasa vumbi, huzuia ngozi isikauke na husaidia kuzuia vijidudu. Kwa kawaida hujisogeza nje yenyewe polepole, ikisaidiwa na mwendo wa taya tunapotafuna na kuzungumza. Kwa hiyo sikio lisilo na shida halihitaji kusafishwa ndani. Anayetumia kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti au unyoya wa kuku mara nyingi huisukuma nta ndani zaidi, hata ikashindiliwa karibu na ngoma.

Huduma huhitajika nta inapoleta dalili, kama vile kusikia kwa shida, sikio kujaa, kuwasha au mlio. Au inapomzuia daktari kuiona ngoma anayotaka kuichunguza.

2. Si kila kuziba ni nta

Dalili hizo hutokea pia katika magonjwa mengine. Lililo la kuogopwa zaidi ni kupotewa na usikivu wa sikio moja ghafla, kwa saa chache au ndani ya siku tatu. Mgonjwa husema sikio limeziba, akatia mafuta na kusubiri wiki kadhaa. Kumbe lililoathirika ni sikio la ndani. Matibabu ya hali hiyo hufaa zaidi yakianza mapema, na kuchelewa kunaweza kumgharimu mtu usikivu wake daima. Ikiwa umepotewa na usikivu ghafla, usitie kitu sikioni. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Fanya vivyo hivyo ukiona damu, kizunguzungu kikali, au upande mmoja wa uso umelegea.

Mtoto aliyeingiza betri ndogo ya duara sikioni apelekwe hospitali mara moja, wala asitiwe maji au matone. Punje ya mahindi au haragwe nayo isitiwe maji, kwa kuwa huvimba.

3. Njia tatu za kuondoa nta

Ya kwanza ni kuosha sikio kwa maji yenye joto la mwili, yaani takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Maji ya baridi au ya moto zaidi huleta kizunguzungu. Ya pili ni kufyonza nta kwa mrija mwembamba. Njia hii ina kelele, nayo huweza kuleta kizunguzungu cha muda mfupi. Ya tatu ni kuitoa kwa kijiko kidogo au ndoano maalumu, huku mhudumu akiona vizuri anachokigusa.

Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Kuosha kwa maji hakumfai mwenye tundu katika ngoma ya sikio, sikio linalotoa usaha, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio. Kwa hiyo mhudumu asiyechungulia kwanza hawezi kujua njia ipi inakufaa.

4. Mambo ya kumweleza mhudumu

Mweleze kabla hajaanza ikiwa:
- umewahi kutobolewa ngoma ya sikio, kutokwa usaha au kufanyiwa upasuaji wa sikio;
- una kisukari, au kinga yako ya mwili imepungua;
- unatumia dawa za kuzuia damu kuganda;
- sikio hilo ndilo pekee unalosikia nalo.

5. Maswali yaliyo haki yako kuuliza

- Je, umesajiliwa kutoa huduma hii? Kwa Tanzania Bara, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.
- Umeona nini ndani ya sikio langu, na kwa nini umechagua njia hii?
- Kuna hatari gani, na utafanya nini nikipata maumivu?
- Vifaa vimetakaswa vipi?
- Bei ni ya sikio moja au yote mawili? Nta isipotoka leo, nitalipa tena?

Malipo yakifanyika, dai risiti. Aidha, huduma hii isiendelee kwa uvumilivu: ukisikia maumivu au kizunguzungu, sema, na mhudumu anapaswa kusimama papo hapo.

6. Matayarisho ya nyumbani

Mara nyingi nta hulainishwa kwanza kwa matone ya mafuta ya zeituni kwa siku tatu hadi tano. Fuata maelekezo ya mtaalamu, na usitie matone ikiwa unajua au unashuku kwamba ngoma ina tundu. Wakati mwingine matone pekee hutosha, nawe ukaokoa fedha zako.

Usinunue mishumaa ya masikio. Haivuti nta, mabaki yanayoonyeshwa kwa mnunuzi baada ya kuwashwa hutokana na mshumaa wenyewe, na wapo waliounguzwa nayo.

7. Baada ya huduma

Mwombe mhudumu achungulie tena, akuambie kama ngoma inaonekana na iko salama. Ukipata maumivu yanayozidi, usaha, damu, au usikivu usiporudi ilhali nta imetoka, rudi hospitali. Huenda tangu mwanzo tatizo halikuwa nta.

Jipime

a) Kwa nini mhudumu achungulie kabla na baada ya kusafisha?
b) Jirani yako amepotewa na usikivu wa sikio moja tangu jana, naye anataka kutia mafuta. Utamshauri nini?
c) Taja watu wawili ambao sikio lao halifai kuoshwa kwa maji.