Watu wa Inchi Wanaongezeka Namna Gani?

Soma: 1 Samweli 1:1-20

Mtu mwenye mbuzi anajua hesabu yao inaongezeka namna gani. Wanazaa, ao ananunua wengine. Inapunguka wakikufa, ao akiuza. Inchi ni vile vile. Watu wanazaliwa, wanakufa, wanaingia, wanatoka. Njia nyingine hakuna. Lakini ni kitu gani kinachofungua njia hizi na kuzifunga? Katika Congo yetu, jibu kubwa ni ugonjwa.

Mwaka 1960, wakati wa uhuru, tulikuwa karibu milioni 15. Mwaka 1984 watu wote walihesabiwa, wakaonekana milioni 30. Wenye kupima mambo haya wanasema sasa tumepita milioni 100. Kijana akisikia hivi anafikiri ilikuwa vile siku zote. Sivyo. Wakati wa utawala wa mfalme Leopold, toka 1885 mpaka 1908, watu walilazimishwa kutafuta mpira porini. Mashamba yakaachwa, njaa ikaingia, malale na ndui vikafuata. Vijiji vingi vikabaki majani tu.

Kulikuwa na shida nyingine pia, isiyoonekana upesi. Kati ya 1955 na 1957 serikali iliuliza habari za uzazi katika vijiji na miji vilivyochaguliwa. Kule Uele, kaskazini, katika wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa, zaidi ya mmoja katika wanne hakupata mtoto hata mmoja. Fikiri kijiji cha namna hiyo! Watu walisema ni ulozi, ao laana ya wajomba. Mara nyingi mwanamke ndiye aliyerudishwa kwao, mali ya ndoa ikadaiwa, na bwana akaoa mwingine. Na yule mwingine naye hakuzaa.

Sababu kubwa ilikuwa kisonono, ugonjwa ambao wengi wanauita sopisi. Mwanaume anaona usaha, anasikia maumivu akikojoa, anatafuta dawa ao anangoja mpaka maumivu yapite. Mwanamke mara nyingi hasikii kitu. Lakini ugonjwa unapanda polepole tumboni mwake, unafika katika mirija miwili midogo ambamo yai linapita, unaacha kovu. Mirija ikizibwa, yai haliwezi kukutana na mbegu ya mwanaume. Hakuna dawa ya majani inayoondoa kovu hilo, na munganga wa hospitali naye anashindwa mara nyingi. Tena njia ya mbegu ya mwanaume inaweza kuzibwa vile vile. Basi anayemfukuza bibi yake kabla yeye mwenyewe hajapimwa anahukumu bila kusikia shahidi. Elkana hakumfukuza Hana.

Nyuma ya vita ya 1939-1945 penisilini ilifika katika hospitali zetu, na wagonjwa wengi wakapona mapema, mbele ya kovu. Katika hesabu ya 1955-1957 mwanamke wa Congo alizaa, kwa kadiri, chini kidogo ya watoto 6. Mwaka 1984 walikuwa karibu 7. Hatusemi kila mama aliongeza mtoto, tasa walipunguka. Pia desturi ya wazee, ya bwana na bibi kutengana mpaka mtoto aache ziwa, ilianza kupotea. (Leo penisilini haiwezi tena kisonono, vijidudu vimeizoea. Usinunue vidonge sokoni. Njooni wawili pamoja, maana akitibiwa mmoja tu, ataambukizwa tena na mwenzake.)

Njia ya kifo nayo ilianza kuzibwa. Ndui ilimalizika katika inchi yetu mwaka 1971, kwa chanjo. Mwaka 2007 ilionekana kwamba katika watoto 1000 waliozaliwa, 148 walikufa mbele ya kufika miaka 5. Mwaka 2013-2014 walikuwa 104. Ni wengi bado. Na njia hiyo inafunguka tena upesi. Surua ya mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6000, karibu wote watoto, na sindano yake ni ya bure. Katika vita ya 1998 mpaka 2003, wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara na njaa, walipokimbilia porini mbali na dawa. Wengine walivuka ziwa wakaenda Tanzania, kambini Nyarugusu, na watoto wao wakahesabiwa kule.

Hata hivyo tumeongezeka, karibu watu 3 kwa kila 100, kila mwaka. Kwa mwendo huo inchi inajaa mara mbili katika miaka 23 ao 24. Karibu nusu yetu hawajafika miaka 15. Wasichana hao, hata wakizaa wachache kuliko mama zao, watoto watakuwa wengi bado, kwa sababu mama wenyewe ni wengi.

Wengine wanauliza kama hospitali inataka kuwazuia watu kuzaa. Hapana! Hospitali hii inatafuta mtoto kwa aliyemkosa, na inataka aliyezaliwa aishi. Kwa hiyo tunasema: mtoto afikishe miaka 2 mbele mama hajashika mimba nyingine. Mimba ikifuata upesi, mama hajapata nguvu, na yule wa kwanza anaachishwa ziwa mapema, anaanza kuvimba miguu na nywele zake zinakuwa nyekundu. Wazee walilijua jambo hili bila vitabu. Waulize wauguzi juu ya njia za kupanga uzazi. Bwana aje pia.

Maulizo
1. Kwa nini mwanamke anaweza kuwa na kisonono bila kujua?
2. Katika kijiji chenu, mke na mume wakikosa mtoto, nani anapelekwa hospitali kwanza? Kwa nini?
3. Mtoto wako wa mwisho amepata chanjo ya surua? Leta karatasi yake siku ya kupima watoto.