Kijiwe Chenye Kivuli: Maswali Kuhusu Nafasi ya Bodaboda Isevya

Isevya ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliozoea tangu zamani kupokea mizigo na kuipeleka mbele. Siku hizi kazi hiyo imeshikwa na bodaboda. Mtaalamu wa mipango miji anajibu maswali kuhusu mahali wanapostahili kukaa.

Bodaboda ni mtu wa barabarani. Kwa nini apangiwe pa kukaa?

Kwa sababu kusubiri ni sehemu ya kazi yake. Anapigiwa simu na mwenye duka, anakwenda stendi kuchukua kifurushi kilichoshushwa kwenye basi, anakifikisha, kisha anasubiri tena. Muda huo halipwi, na jioni tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili. Tusipompa nafasi, ataegesha penye wateja: kwenye kona ya njia panda, mlangoni mwa duka, juu ya njia ya waenda kwa miguu. Halafu tunamwita msumbufu!

Historia ya Tabora inatufundisha nini?

Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, njia iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alifika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, Novemba 1857, akakaa wiki kadhaa. Misafara ilipumzika, ikajaza chakula, ikatafuta wapagazi wapya. Miembe iliyopandwa kando ya njia ya misafara iliwapa watu kivuli. Mapumziko yalihesabiwa kuwa sehemu ya safari, na mji ukakua kwa kuyahudumia.

Kijiwe kizuri kina nini?

Kwanza kivuli. Mvua za Tabora hunyesha Novemba hadi Aprili. Kabla yake, Septemba na Oktoba, jua ni kali mno. Mwembe hukaa na majani mwaka mzima, ila msimu wake ukifika matunda huangukia pikipiki na vichwa. Basi upandwe nyuma ya benchi, na pikipiki zikae chini ya mwarobaini au paa la bati lenye mfereji wa kujaza tangi la maji.

Pili, sakafu ya vitofali yenye mteremko kuelekea mtaroni, maana kwenye mchanga au tope stendi ya pikipiki huzama na chombo huanguka na mzigo wake. Pikipiki moja inahitaji mita moja kwa mbili na kidogo. Pa kuegesha gari moja panatosha pikipiki tano.

Kisha choo chenye mlango unaofungwa, bomba la maji, taa, soketi ya kuchajia simu, na meza ya vifurushi iliyoinuka ili maji ya mvua yasiifikie. Mama lishe naye atengewe pembe yake, kwani dereva lazima ale.

Kijengwe wapi?

Mbali kidogo na njia panda, ili madereva wanaopita waone wanaovuka. Vijiwe vidogo vingi ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu mteja mwenye gunia hatatembea kukifuata.

Nani ajenge na kusimamia?

Dubai imewajengea madereva wa kupeleka bidhaa vituo 40 vyenye kiyoyozi. Isevya haihitaji kiyoyozi. Kaunti kadhaa za Kenya zimejenga vibanda vya paa tu, na vinasaidia. Kwetu, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga, na barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa 2017. Wakae pamoja na viongozi wa vijiwe, waweke kwenye ramani vijiwe vilivyopo kabla ya kuhamisha chochote. Madereva wenyewe wasimamie usafi na kumwagilia miche kuanzia Mei hadi mvua zirudi.

Mkazi wa kawaida afanye nini?

Ahudhurie mkutano wa mtaa barabara inapojadiliwa, aombe kuona mchoro. Mchoro unaoonyesha mtaro na nguzo za taa lakini usioonyesha kijiwe haujakamilika, na wakati wa kulisema hilo ni kabla mkandarasi hajaanza kazi.