Saa ya Mungu na Unga wa Mahamri

Binti mmoja wa Likoni, fundi cherehani, ana hamu ya kuwafundisha watoto wasioona. Jina lake nalihifadhi, maswali yake nayajibu hapa kwa kuwa vijana wengi wa Kisauni na Changamwe huniletea yayo hayo.

Mchungaji, nikijipangia mambo, si ndiyo kutomwamini Mungu?

La, mwanangu. Nehemia alifunga na kuomba kwa miezi, lakini siku mfalme alipomuuliza haja yake, jibu lilikuwa tayari: safari ya muda gani, barua za kupitia njiani, miti ya kujengea malango. Aliyapanga akiwa bado anaomba. Na jirani zetu Waislamu hufundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo wamtegemee Mungu. Ukisema “Mungu akipenda”, unamkabidhi mpango ulio nao. Usipokuwa nao unamkabidhi nini?

Nimengoja miaka mitatu. Nitajuaje saa imefika?

Mtazame mama wa mahamri. Usiku anakanda unga kwa tui, iliki na hamira, anaufunika kwa kitambaa, analala. Hawezi kuulazimisha uumuke, na akiukaanga kabla ya wakati mahamri yatakuwa magumu. Lakini asipokanda, alfajiri mafuta yatachemka kwenye karai na hana cha kutia.

Nakuuliza bila lawama: miaka hiyo mitatu umekanda nini? Shule ya wasioona iko hapo hapo Likoni. Umekwenda kumwomba mwalimu mkuu akuruhusu kusaidia siku moja kwa wiki? Umegusa breli kwa vidole vyako? Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, ya Kasarani, Nairobi, ipo tangu 1986. Umeulizia masharti na karo? Ukishaijua karo, kila gauni unaloshona utalipigia hesabu.

Na nikipanga, nikatenda, kisha mlango ukafungwa?

Hapa twende polepole, maana swali hili limewavunja wengi moyo.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 na mkewe Rosine, mjamzito. Juni alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai Rosine akajifungua, akafa kwa homa, na kitoto kikamfuata. Walizikwa huku kwetu bara, upande wa Nyali. Krapf alikuwa na ramani kubwa kichwani: vituo vya misheni vifuatane kutoka pwani hii hadi upande wa pili wa Afrika. Havikujengwa. Mwaka 1853 aliondoka akiwa mgonjwa. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyekuja 1846, alibaki Rabai hadi 1875, akarejea Ujerumani akiwa kipofu, akiacha waumini wachache mno.

Mwaka huohuo wa 1875, Frere Town ikaanzishwa Kisauni kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Kengele yake ndiyo iliyopapa jina la Kengeleni, pale makondakta wanapoita abiria mpaka leo. Na kamusi ya Kiswahili ya Krapf? Ilichapwa 1882. Yeye alikuwa amefariki 1881.

Sisemi Rosine alichukuliwa ili kamusi ipatikane. Neno kama hilo sithubutu kulitamka mbele ya mfiwa. Ninaloliona ni kwamba Krapf aliendelea kuuliza maneno na kuyaandika, moja moja, hata ramani yake ilipokwama. Mlango wa KISE ukifungwa mwaka huu, breli uliyojifunza itabaki vidoleni mwako.

Wazazi wanasema ningoje kwanza. Niwapuuze?

Usiwapuuze. Kaa nao, uwaonyeshe hesabu yako kwenye karatasi. Mara nyingi mzazi huogopa kwa sababu hajaonyeshwa kitu cha kushika.

Basi nianze lini?

Jumatatu. Nenda shuleni asubuhi kabla ya kufungua cherehani, ubebe kitambulisho chako. Kisha uniambie wamekujibu nini, nami nitakuwa nimeshakuombea.