Somo la Kikundi: Shahidi ni Mtu Aliyeona na Akasema



Kila tarehe 3 Juni tunamkumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo, Uganda, mwaka 1886. Walikuwa waongofu wapya. Lwanga alibatizwa miezi michache tu kabla ya kuuawa. Wengi wetu tunadhani mambo hayo yalikwisha na wafalme wa zamani. Hayakwisha. Hata Jimbo letu la Ngong lina habari yake.

ONA
Padre John Kaiser wa shirika la Mill Hill, mzaliwa wa Marekani, alifika Kenya mwaka 1964. Mwaka 1994 alikuwa na wakimbizi wa kambi ya Maela, watu waliofukuzwa mashambani kwao Enoosupukia. Aliona kambi ikivunjwa na watu wakipakiwa kwenye malori. Baadaye alihudumu parokia ya Lolgorien. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi akataja wakubwa wa serikali kuhusu vita vya kikabila na unyang'anyi wa ardhi.

Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kwa risasi kando ya barabara, karibu na Naivasha. Wapelelezi wa Marekani walisema alijiua. Maaskofu na Wakristo walikataa. Mwaka 2007 mahakama ya Kenya ilitamka kwamba aliuawa. Mwuaji hajahukumiwa hadi leo.

AMUA
Katika Kiswahili chetu, anayekufa kwa ajili ya imani na anayesimama mahakamani tunawaita kwa jina moja: shahidi. Padre Kaiser alikuwa wa pili kabla ya kuwa wa kwanza. Kanisa halituambii tutafute kifo. Linatuambia tusiseme uongo, na tusinyamaze jirani anaponyang'anywa.

TENDA
Hapa kwetu ardhi inagawanywa na kuuzwa kila siku. Mzee hutia kidole gumba kwenye karatasi asiyoisoma. Mama hupata habari shamba likishawekwa ua. Basi kikundi kifanye hivi:

1. Andikeni mliyoyaona: siku, mahali, majina. Watu watatu watie sahihi.
2. Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine kwa Haki na Amani parokiani.
3. Shamba likipelekwa Bodi ya Ardhi, nendeni wengi. Msimtume mjane peke yake.

Shahidi mmoja ni rahisi kumnyamazisha. Ishirini ni kazi.

MASWALI
1. Someni habari za Stefano, Matendo sura ya 6 na 7. Kwa nini waliziba masikio?
2. Ni jambo gani kijijini kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelisema?
3. Nani kati yetu amesema ukweli akaachwa peke yake? Tutamtembelea lini?